Nyange Alivyorudishwa Mtoni

24 Machi

Idi imepita na masika yameingia. Tangu asubuhi Lupanga hauonekani. Mahali ulipo mlima pamekaa wingu moja zito. Hapa Kichangani maji yamekwisha kupata njia yake kati ya nyumba yetu na ya jirani.

Nawafundisha wanafunzi wangu pale Mzumbe kwamba mtafiti asiyeandika anachokiona siku anayokiona, baadaye ataandika anachokitaka. Basi naandika. Ninayetaka kumwangalia ni mdogo wangu, Pili, na sina hakika kama nina haki ya kumfanya mtu wa kuangaliwa.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka jana, kabla ya vuli, Pili alianguka na bodaboda njia ya Kihonda. Mkono wa kulia ulivunjika juu ya kiwiko. Mfupa umeunga, lakini kidole cha kati na viwili vinavyokifuata vimebaki vizito, kana kwamba ni vya mtu mwingine. Pili ni fundi cherehani, na mkasi haumtii tena. Mwezi Februari akafariki Mama Mkubwa Asia, dada yake mama yetu, aliyekuwa akiishi Kinole kwenye shamba la ukoo. Hakuacha mtoto. Kwetu ardhi hupita kwa upande wa mama, na jina la mwanamke kama yeye haliachwi lizikwe naye. Siku ya kuondoa tanga, binti mmoja wa tumbo lile huvalishwa nguo mpya na kuitwa kwa jina la marehemu, na kuanzia hapo watu humwamkia kama walivyomwamkia marehemu mwenyewe. Shamba linakuwa lake kulitunza, na makaburi, na magomvi ya ndugu.

Mabinti wa tumbo hilo tuko wawili tu, mimi na Pili. Tanga litaondolewa kabla ya Idi Kubwa.

Kila mtu anasema atakuwa Pili. Mimi pia nasema hivyo.

26 Machi

Mvua. Nilipoondoka kwenda kazini Pili alikuwa anacheza. Niliporudi alikuwa anacheza.

29 Machi

Ni vema nieleze anachokicheza, maana nimeanza kuhisi kwamba sielewi kitu kingine chochote kumhusu.

Ni mchezo wa kompyuta wa mapigano na safari, ambao tuliuanza pamoja mimi nikiwa bado nasoma shahada ya pili. Mpiganaji anapita katika ufalme uliokufa, anapata nguvu kidogo kidogo, na kila nguvu anayoipata anachagua aiweke wapi: kwenye mwili, kwenye kasi, kwenye moto. Mwisho wa safari kuna lango, na langoni kuna jitu ambalo sisi tulilibatiza jina la Babu Lango. Ukimwangusha, umemaliza. Mimi nilimaliza, nikafurahi, nikaiweka padi mezani. Pili hakuiweka. Lango linapofunguka dunia huanza upya, njia zilezile na adui walewale, ila sasa wana nguvu zaidi, nawe unaingia na silaha zako na makovu yako. Pili huita hiyo duru, na yuko katika duru ambayo mimi siwezi hata kuvuka daraja lake la kwanza.

Leo nilimuuliza kwa mara nyingine.

“Ulishamaliza. Unarudia nini?”

“Dada, gemu linaanza ukilimaliza. Kabla ya hapo ulikuwa unajifunza kutembea tu.”

Mpiganaji wake anaitwa Nyange. Pili alimweka nguvu zote kwenye kasi: panga mbili, hana ngao, hana vazi zito. Nyange haishi kwa kuvumilia kipigo, huishi kwa kukwepa. Na kitufe cha kukwepa kiko nyuma ya padi, pale hasa kinapokaa kidole cha kati cha mkono wa kulia.

Basi kila siku Nyange anakwenda kwa Babu Lango, na kila siku Nyange anakufa.

31 Machi

Nimetoa pendekezo langu. Katika mchezo kuna mto. Ukiwa na ushanga wa pekee unautupa majini, unaingia, na chaguo zako zote zinakutoka mwilini kama nguo; unatoka mtupu na kujipanga upya. Shanga hizo ni chache mno, na haziongezeki hata dunia ikianza upya. Nyange amebakiwa na mmoja.

Nilimwonyesha Pili jinsi Nyange anavyoweza kuwa mrusha moto. Mrusha moto husimama mbali, hahitaji kukwepa, na kidole gumba kinamtosha. Nilikuwa nimechora jedwali.

“Umeniandalia semina?” akasema.

“Nimekuandalia njia.”

“Chai ipo?”

“Nasema kweli, Pili.”

“Na mimi nasema kweli. Semina isiyo na chai mimi sikai.”

Tulicheka. Baadaye alirudi kwa Babu Lango akiwa na panga zake mbili.

3 Aprili

Mjomba Kondo ameshuka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi na mfuko wa pilipili manga. Ni kaka yake mama, na bila yeye hakuna neno la ukoo linalosimama. Alikaa, akavua viatu vyenye udongo mwekundu, akapokea shikamoo zetu, akamtazama Pili mkono.

“Vipi, mama? Unakunjika?”

“Unakunjika unapotaka wenyewe, Mjomba.”

“Basi umekuwa kama wanangu.” Akasubiri kicheko kipite. “Nimekuja kwa habari ya jina la dada yangu. Wenzangu kule wanakutaja wewe. Mlimani hakuna mkasi, Pili.”

“Mlimani kuna jembe, Mjomba.”

“Asia alishaliacha jembe. Alikuwa anashika watu.”

Pili alitazama dirisha lililokuwa likitiririka maji. Hapo nikaingilia mimi, kwa sauti ninayoitumia darasani, nikasema kwamba fundi asiyeweza kushika mkasi anapaswa kuutazama uwezo alionao sasa, wala si ule aliokuwa nao. Kwamba kupangwa upya si kushindwa. Mjomba aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Mama alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Nilipobaki peke yangu nilijaribu kuipima hoja yangu kama ambavyo ningeipima ya mwanafunzi. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamivu Nairobi, na natakiwa kuijibu kabla ya Juni. Asipokuwa Pili, ni mimi. Siwezi kujua ni kiasi gani cha busara yangu ya leo kilitoka huko.

7 Aprili

Mvua. Nyange amekufa kwenye ngazi.

10 Aprili

Eufrazia, aliyekuwa akishona na Pili chumba kimoja pale Mji Mpya, alileta kitambaa cha mteja wa zamani anayemtaka Pili tu. Pili alikirudisha bila kukikunjua. Eufrazia alipotoka aliniambia mlangoni kwamba cherehani ya Pili amekwisha kuifunika khanga ili isiote kutu. Alisema kama mtu anayetoa pole.

11 Aprili

Mvua. Nyange amekufa.

14 Aprili

Nimefikia hitimisho, na naliandika nikijua kwamba nikilipenda sana ni dalili mbaya. Naona kwamba Pili hachezi tena, anakataa. Anarudia jambo lile lile kwa mwili ule ule ili asikiri kwamba mwili ule haupo. Mtaalamu wa viungo alimpa mpira wa kitambaa wa kuminya. Mpira uko chini ya kitanda. Ushanga upo, mto upo, hauendei. Akikubali kumbadilisha Nyange, atakubali kujibadilisha mwenyewe; asipokubali, nahofia atazama taratibu mbele ya kioo kile nikiwa namtazama, na mimi ndiye niliyesomea kutazama.

Leo alikaa tangu alfajiri. Nilihesabu vifo mpaka nikaona haya ya kuhesabu.

19 Aprili

Mama na Pili wamepanda Kinole kuiandaa nyumba ya marehemu kwa ajili ya tanga. Nimebaki kusahihisha mitihani. Kabla hawajaondoka Pili alifunika mashine yake ya mchezo kwa kitambaa cha meza. “Usiniharibie,” akasema. Nadhani alimaanisha vumbi na maji. Paa linavuja upande ule.

21 Aprili

Mvua haikusimama jana, na leo haijasimama. Barabara ya Kinole imekatika. Simu ya Mama haipatikani, ya Pili vilevile. Nimejiambia kwamba mnara wa simu kule huzimika hata kwa wingu, na kwamba kutopatikana si habari. Ni maelezo sahihi na hayanisaidii.

22 Aprili

Hawapatikani.

23 Aprili

Kwenye kundi la simu la ukoo mtu ameandika kwamba kilima kimeteremka upande wa shamba la marehemu. Hakusema zaidi. Wote tuliuliza, naye akajibu kwamba aliambiwa na mtu wa chini, ambaye alisikia. Nilimpigia mtu wa chini. Alisema alisikia mshindo, akadhani ni lori.

Nilivaa mabuti nikaenda hadi Bigwa, njia ya Kinole. Wenye magari walisema hakuna anayepanda. Dereva mmoja alinitazama akasema, “Dada, hata ukifika pale ilipokatika, utavuka kwa mbawa?” Nikarudi. Sare za wanafunzi wa shule zilikuwa zimewagandia miguuni, nao walikuwa wakicheka.

Nilikaa mbele ya karatasi za mitihani nikasoma jibu moja mara nyingi bila kuelewa lilikuwa la swali gani. Nikafikiri mambo ambayo sitayaandika. Kisha, mchana ukiwa mweupe kabisa na mvua ikipiga bati, nikakitoa kile kitambaa cha meza.

Nilitaka tu kuiona kazi ya mikono yake. Nyange alikuwa amesimama pale Pili alipomwacha, chini ya ngazi za Babu Lango, anapumua. Nilijaribu kupigana. Nilikufa papo hapo. Nilirudia, nikafa, na kila nilipokufa nilihisi kwamba kule mlimani kuna jambo linatokea na mimi ndiye ninayelisababisha. Najua hakuna uhusiano. Nafundisha kozi nzima juu ya kutouona uhusiano mahali usipokuwepo.

Ndipo nikampeleka mtoni. Nilijiambia kwamba akirudi akiwa salama atakuta jambo gumu limekwisha kufanyika bila yeye kuumia, kama mtu anayeamka amekwisha kupasuliwa. Nilijiambia kwamba nikilitengeneza hili moja dogo, mengine yatakaa sawa. Nikautupa ushanga. Kasi ikamtoka Nyange, zikaanguka panga, akasimama majini mtupu, mdogo, mgeni. Nikamweka moto wote ambao mwili wake uliweza kuubeba.

Babu Lango alianguka mara ya kwanza. Nilisimama mbali na kumchoma. Lango likafunguka, dunia ikaanza upya.

Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha safi.

24 Aprili

Hawapatikani. Mvua imepungua.

25 Aprili

Mjomba amepiga kutoka juu ya kilima kingine. Wote wazima. Udongo uliteremka na kuchukua migomba ya chini na nusu ya pilipili manga, ukapita kando ya makaburi bila kuyagusa. “Umepita kama mtu anayeogopa kukanyaga mkeka,” alisema. Mama alinisalimia kwa kelele. Nikasikia na sauti ya Pili ikiuliza kama paa la kwetu limevuja. Nilisema halikuvuja, nikalia baada ya kukata simu.

Kisha nikageuka nikaiona mashine, haina kitambaa.

2 Mei

Wamerudi leo, barabara imepitika. Pili amekonda na amebabuka pua kwa jua la mlimani lililotoka siku mbili za mwisho. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona tangu ajali. Alieleza jinsi Mama alivyoteleza akakaa kwenye tope kwa adabu zote, miguu mbele kama mwali. Aliosha miguu, akala, akaenda kuwasha.

Nilitaka kumwambia kabla. Nilikuwa nimeandaa sentensi. Nilichelewa kwa kadiri ya kumeza tonge.

“Nani huyu?”

“Ni Nyange.”

“Nimekuuliza nani huyu.”

Kwenye kioo alisimama mtu mwenye joho refu, mwanzoni mwa njia, dunia mpya mbele yake.

“Nilimpeleka mtoni,” nikasema. “Mlikuwa hampatikani. Nilidhani ukirudi utakuta limekwisha.”

“Limekwisha kweli.” Aliishika padi, akamtembeza hatua chache, akamsimamisha. “Na Babu?”

“Alianguka.”

“Ulimpiga sana?”

Ningeweza kudanganya. “Alianguka mara ya kwanza tu.”

Akacheka, kicheko kifupi. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. “Hamna kitu, Mama,” Pili akasema. “Dada kanimalizia gemu.” Mama akasema hongereni, akarudi kwenye sufuria yake.

Pili akazima. Akakunjua kitambaa cha meza, akafunika, akazivuta pembe mpaka zikalingana.

4 Mei

Hajagusa mashine. Anajibu ninachouliza. Anasema tafadhali na ahsante, jambo ambalo katika nyumba yetu halijawahi kuwa heshima.

6 Mei

Leo nilimwomba msamaha tukiwa tunaanua nguo kabla ya mvua. Nilianza na sababu zangu, akaninyamazisha kwa kuniwekea khanga yenye majimaji begani.

“Subiri nikuambie, halafu utaniletea jedwali lako. Siku niliyotolewa plasta, kidole hiki kilikuwa hakibonyezi kabisa. Nyange alikuwa anakufa hajachomoa hata panga. Mwezi uliofuata akawa anakufa kwenye ngazi. Akaja kufa juu, kwenye mlango. Wiki ile kabla hatujapanda Kinole, Babu alipiga goti. Alipiga goti, Dada. Wewe ulikuwa unaona anakufa. Mimi nilikuwa naangalia anafia wapi.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia ungekuja na daftari.”

Ningekuja nalo kweli.

“Ule mpira wa hospitali nikiuminya naona mkono mbovu,” akaendelea. “Nyange nilikuwa namwona Nyange.” Akabana nguo zilizobaki chini ya kwapa. “Na lile jina, mwambieni Mjomba sitaki. Nimeshabadilishwa mara moja masika haya.”

Nimekaa na maneno yake tangu mchana. Nilikuwa na ushahidi wote mbele ya macho yangu, nikahesabu vifo na sikuangalia mahali pake. Hata hivyo sitaki kukimbilia hitimisho jipya kwa kasi ile ile niliyokimbilia la kwanza. Huenda kidole kingepata nguvu chenyewe. Huenda goti la Babu lilikuwa bahati. Ninachokijua ni kimoja: kitu kilichokuwa chake akikijenga, nimekimaliza, na ushanga mwingine hakuna.

9 Mei

Nimempigia Mjomba kumwambia kwamba Pili amekataa. Nilimweleza na sababu, pamoja na mto na ushanga, kadiri mambo hayo yanavyoweza kuelezwa kwa simu inayokatika.

“Kwa hiyo umemfanya mwenzako mrusha moto bila kumuuliza,” akasema baada ya kufikiri.

“Ndiyo, Mjomba.”

“Na yeye anadhani sisi tunataka kumfanya hivyohivyo.”

“Ndiyo.”

“Mwambie Asia hakuvuliwa kitu siku alipopewa jina. Mimi nilikuwepo, nimebebwa mgongoni. Aliongezewa tu. Aliendelea kuwa mkali na kuchoma wali.”

Nilitaka kuamini. Lakini ni maneno ya mtu anayehitaji jibu, nami nimekwisha kuona nilivyo hodari wa kuamini maneno yanayonifaa. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya barabara, “Na wewe, Zuhura, Nairobi ni lini?” Nikasema sijajibu bado. Akasema haya.

Sasa nina hofu ya aina nyingine.

13 Mei

Mvua za vipindi. Pili ameanza kutoka asubuhi, anarudi jioni. Haelezi.

16 Mei

Nimepita Mji Mpya makusudi, nikiwa na sababu ya uongo. Mlango wa chumba cha Eufrazia ulikuwa wazi nusu. Niliiona cherehani ya Pili haina khanga. Nikasikia Eufrazia akisema, “Ukikata kombo hivyo mteja atadhani ulikuwa umelewa,” na Pili akajibu, “Mteja wangu huyu hana mdomo wa kusema.” Niliondoka kabla sijaonekana. Njiani nilifurahi, halafu nikaanza kuogopa ile furaha.

20 Mei

Nairobi wameniuliza tena. Sijajibu. Nikiandika ndiyo naona makaburi yale na udongo uliopita kando yake. Nikiandika hapana naona uso wangu baada ya miaka kumi, unamlaumu mtu.

23 Mei

Kinole. Ukungu asubuhi, kisha jua, kisha mawingu yakaanza kujikusanya upya juu ya shamba. Jeraha la mlima linaonekana kutoka uani: mfereji mpana, mwekundu, na migomba michache imelala ndani yake mizizi juu.

Watu walijaa kuondoa tanga. Baada ya dua Abdulswamad akaanza kazi yake. Ni mtani wa ukoo wetu, mzee mwembamba mwenye meno mawili ya mbele yanayopishana, na ruhusa yote ni yake. Alitoka ndani amejifunga khanga ya marehemu, anachechemea alivyochechemea yeye, akaenda kukalia kiti chake.

“Mnamtafuta Asia? Mimi hapa! Leteni nguo. Leteni na pilipili manga zote, hata zile zilizoteremka.” Akamwona Mjomba. “Kondo! Mbona huniamkii dada yako? Nikuchome wali?” Watu wakaanguka kwa kicheko, na Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha Abdulswamad akanigeukia mimi. “Na huyu wa chuo, amekuja kurithi au amekuja kutuandikia ripoti?”

Nilicheka pia.

Mjomba akasimama, watu wakatulia. Pili akaja na kifurushi, akakikunjua mbele ya wazee. Lilikuwa gauni jeupe, jipya.

Niliona mabega. Pili ana mabega membamba ya mama yetu. Mimi nina ya baba, mapana, ambayo hayajawahi kukaa katika nguo ya dukani. Tangu sekondari nguo zangu zote zimeshonwa na Pili. Gauni alilolinyanyua lilikuwa na mabega yangu. Pindo lake la chini lilikwenda kombo upande mmoja, likajirekebisha, likaenda kombo tena, kama maandishi ya mtu anayejifunza kuandika, na kila mchomo wa sindano ulikuwa umepita mahali ambapo alikusudia upite.

Nikamsogelea. “Pili, umenifanya nini?”

“Nimeshona tu.” Alisema kwa sauti ya chini, bila kejeli. “Mjomba alinifuata Mji Mpya kuniuliza kama nitashona gauni la jina, nikasema nitashona kwa vipimo ninavyovijua. Sasa atakuuliza na wewe. Unaweza kusema hapana, Dada. Gauni utalivaa hata Nairobi.”

Mjomba akaniita kwa jina langu lote. “Jina la dada yangu limekaa bila mtu. Unalipokea?”

Desturi ni kuuliza mara tatu, na kati ya swali na swali kuacha kimya, ili anayeulizwa apate nafasi ya kukimbia. Sikuwa nimewahi kufikiri kimya hicho ni cha kazi hiyo. Mara ya kwanza nilisikia jogoo. Mara ya pili nilimtazama Pili akitazama chini, kidole chake cha kati kikikunja na kukunjua pembe ya gauni, pole pole, bila yeye mwenyewe kukiangalia. Hapakuwa na mtu aliyenivua chochote. Nairobi ilikuwa bado ipo. Hofu yangu ilikuwa bado ipo.

Mara ya tatu nikasema nalipokea.

Siwezi kuapa kwamba ulikuwa uamuzi. Labda ilikuwa hatia. Labda ni kwa sababu matone yalikuwa yameanza kudondoka na wazee walikuwa wamesimama. Walinivalisha juu ya nguo zangu, na liliniingia bila kushikwa popote.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama. Alikuwa mdogo wa marehemu. Alinishika mikono yote miwili, akainama kidogo, akasema, “Shikamoo, dada.” Nilijua kwamba lazima itokee na bado nusura niivute. Abdulswamad akapiga yowe kutoka kitini: “Jibu, usimwache mtoto na shikamoo mkononi!”

Kisha Pili. Alijitahidi kutocheka, akashindwa, akajitahidi tena.

“Shikamoo, Mama Mkubwa.”

“Marahaba,” nikasema, na mvua ikashuka.

26 Mei

Kichangani. Nimewaandikia Nairobi kuuliza kama masomo yanaweza kuanza baadaye. Sijui watasemaje, wala sijui naomba jibu lipi. Lupanga umeonekana kwa muda wa kunywa chai.

Niliporudi kutoka kazini kitambaa cha meza kilikuwa sakafuni. Pili alikuwa ameanza mpiganaji mpya, wa kwanza kabisa, hana jina bado, ana fimbo tu na nguo za mkimbizi. Alikuwa anapigana na mbwa wa njia ya kwanza, yule ambaye hata mimi nilimshinda siku ile tuliyoanza. Alikufa. Akarudi. Nilivuta kiti karibu ili nione anafia wapi.

“Mama Mkubwa,” akasema bila kugeuka, “sogea kidogo. Unaniziba.”

Nikasogea.